Mkahawa wa "kijani" Kisumu: anza kwa kumuuliza weita leo hamna nini

Swali

"Mwalimu, hujambo. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Hapa Kisumu kumefunguliwa mkahawa unaojitangaza kuwa unatunza mazingira na unapika chakula cha msimu peke yake. Nimeiona menyu yao: samaki mzima shilingi 1,900, mboga za kienyeji 450. Mke wangu, ambaye kwao ni Vihiga, anasema hiyo ni pesa ya kununua maneno, na kwamba hajawahi kula mrenda wa hoteli akashiba. Tunapanga kwenda Jumamosi ya tatu ya Juni. Je, kuna njia ya kujua kama wanasema kweli kabla sijalipa? Na tukienda, tuagize nini?"
Baba Akinyi, Milimani, Kisumu

Jibu

Baba Akinyi, hongereni kwa miaka kumi. Mama Akinyi ana haki ya kushuku. Mji huu umejaa vibao vya "asilia" na "kienyeji" vilivyoandikwa na watu wasiojua kuku wao analala wapi. Lakini bei isiwe hoja ya kwanza. Kuna samaki wa 1,900 anayestahili kila senti, na kuna wa 300 ambaye kumla ni kulimaliza ziwa. Katika kufundisha upishi, na baadaye kununulia hoteli vyakula, nimezoea kuangalia jambo moja kabla ya mengine yote: mkahawa wa msimu hujulikana kwa vitu ambavyo hauna.

Kwa hiyo mkishaketi, kabla hamjafungua menyu, mwulize weita kwa upole: "Leo hamna nini?" Akijibu, "Vyote vipo, mzee," basi huko nyuma kuna friza kubwa na namba ya simu ya dereva wa lori. Akijibu, "Omena wabichi hatuna mpaka Agosti, saga imeisha mchana, na leo hatukupata samaki wakubwa," agizeni maji ya kunywa, mmefika. Menyu yenyewe pia husema. Ikiwa na vyakula sitini vilivyopigwa chapa na kufunikwa plastiki, Januari hadi Desemba vilevile, hapo msimu ni pambo tu. Karatasi moja yenye vyakula saba au nane ni dalili njema. Ubao wa chaki ulikuwa dalili njema pia, hadi watu walipoanza kuununua dukani ukiwa umeshaandikwa.

Nimewataja omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu ndio mtihani rahisi kuliko yote kwa tarehe yenu. Upande wetu wa ziwa, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili wapate kuzaliana. Jumamosi yenu inaangukia ndani kabisa ya marufuku hiyo. Omena wakavu wa akiba si kosa. Walivuliwa Machi au kabla ya hapo, wakaanikwa, wakatiwa guniani. Lakini mkahawa ukiwauzia "omena wabichi wa leo asubuhi" mwezi wa Juni, ama weita hajui anachouza, ama kuna mtu aliyeingia ziwani usiku bila ruhusa. Hata nje ya marufuku, omena wana kalenda ya pili. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu mashua nyingi hubaki ufuoni kwa kuwa taa haiwavuti. Mpishi anayepanga menyu yake akihesabu na siku za mwezi hahitaji kutundika cheti ukutani.

Samaki mzima wa 1,900 ndiye anayenitia mashaka zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Ukiuliza, "Samaki huyu ametoka wapi?" utaambiwa, "Ziwani." Kisumu kila samaki ametoka ziwani, hata aliyeshuka kwenye katoni ya barafu kutoka China. Uliza hivi: "Ni wa nyavu au wa kizimba? Wa ufuo gani?" (Kizimba ni tundu la kufugia samaki ndani ya ziwa.) Weita asipojua, aende jikoni akaulize, hilo si aibu. Jibu zuri huwa na jina la mahali ndani yake: Dunga, Usenge, Mbita, Luanda Kotieno. Jibu baya huwa na sifa tupu: "Ni freshi kabisa."

Ngege (tilapia) wa China aliyegandishwa yuko kwenye masoko yetu kwa miaka sasa, na sisemi kwamba ni sumu. Kuna familia nyingi ambazo bila yeye zisingeonja samaki mzima. Ila mkahawa unaojiita wa ziwa na wa msimu hauna ruhusa ya kumuuza kwa jina la ngege wa Nyanza. Angalia meza za jirani: samaki wote wakiwa na urefu mmoja na unene mmoja, katoni imefunguliwa, au wametoka kizimba kimoja. Ndiyo maana lazima uulize.

Wa kizimba ni habari nyingine. Vizimba vimeongezeka sana upande wa Siaya na Homa Bay, na kwa mtu anayelijali ziwa vina faida ya kweli, kwa sababu ngege huyo hakupunguzwa kwenye samaki wanaozaliana wenyewe. Vina gharama pia. Chakula kinachobaki huzama na kuoza. Vizimba vikibananishwa kwenye ghuba ambamo maji hayatembei, inakuja siku ambapo maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu, na mfugaji huamka akakuta maelfu wameelea matumbo juu. Tena chakula hicho cha samaki mara nyingi kina omena waliosagwa, yaani tunamvua mdogo ili kumnenepesha mkubwa. Mimi humla wa kizimba bila kinyongo, mradi nimeambiwa kuwa ni wa kizimba.

Wa nyavu nampima kwa sahani. Kanuni za uvuvi wa ziwa hili zinataka ngege asitolewe majini akiwa chini ya sentimita 25. Sahani kubwa ya mkahawa huwa na upana wa sentimita 26 au 27 hivi. Sasa ngege wa nyavu akilala katikati ya sahani, kichwa na mkia vyote ndani ya ukingo, na nafasi ya ugali na kachumbari ikabaki, huyo ametolewa majini mapema mno. Anatakiwa kufika ukingo hadi ukingo, na akizidi, mkia ukaning'inia nje, ndio vizuri. Kwa mbuta (sangara) kipimo kina pande mbili: sentimita 50 hadi 85. Wa chini ya hapo hajakomaa, na wa juu ya hapo mara nyingi ni jike kubwa lenye mayai mengi, ambalo faida yake ni kubwa likibaki majini kuliko likifika jikoni. Mbuta hamtaletewa mzima, kwa hiyo hamna la kupima, lakini mpishi anayenunua mwenyewe atawatajia namba hizo bila kufikiri. Ndizo anazojibishana nazo na wachuuzi kila asubuhi.

Halafu kuna vichwa. Viwanda vya hapa mjini vinapochuna minofu ya mbuta kwa ajili ya soko la nje, mifupa iliyobaki huishia mtaa wa Obunga, ambako kina mama huikaanga na kuiuza, na kila mtu mjini anaijua kwa jina la mgongo wazi. Michelin, wale wa Ufaransa wanaopanga mikahawa kwa nyota, walianza kutoa nyota ya kijani mwaka 2020 kwa majiko yanayotunza mazingira. Sijui nyota gani ingetosha karai moja la mgongo wazi. Kwa hiyo swali lako kwa mkahawa huo ni hili: mkiuza minofu tu, kichwa na mifupa vinakwenda wapi? Wakiwa na supu ya kichwa cha mbuta, iagizeni bila kujadiliana. Nyama ya shavuni, ile inayotoka kipande kizima ukiingiza kijiko nyuma ya jicho, ni tamu kuliko mnofu wowote, na bei yake huwa ya chini kwa sababu wateja wa suti huona haya kukitazama kichwa usoni.

Kwa upande wa mboga, Juni inawapendelea. Mvua ndefu zimeshafanya kazi yake, soko la Kibuye limejaa mnavu, saga, mitoo, kunde na mrenda, avokado za Kisii na Nyamira hazina bei ya kuumiza, na ukibahatika utaonja mahindi mabichi ya kwanza mwishoni mwa mwezi. Jiko linalokosa mboga za hapa wakati huu na kuleta brokoli halina la kujitetea. Mtihani mgumu ni Februari, ardhi ikiwa imepasuka na fungu la mnavu limekonda. Hapo mkahawa wa kweli hukuletea kunde zilizokaushwa, obambla (samaki aliyepasuliwa na kuanikwa), maharagwe na ugali wa mtama na muhogo, kwa sababu huo nao ni msimu. Watu wengi wakisikia chakula cha msimu hufikiria kitu kibichi kinachong'aa. Nusu ya ujuzi wa Nyanza na Magharibi umo katika kuanika.

Na hizo 450 za mboga? Hapo nitasimama upande wa mkahawa, Mama Akinyi anisamehe. Mboga sokoni ni rahisi, kazi yake ndiyo ghali. Saga huchambuliwa jani kwa jani, mabua yakatengwa, wadudu wakatafutwa, ikaoshwa mara tatu. Beseni lililojaa hadi juu likichemshwa hushuka likawa kiasi cha kulisha watu wanne. Kisha ni maziwa, na kuilaza usiku, na kuirudisha motoni kesho yake hadi uchungu upungue. Sahani mnayoletewa leo ilianza kupikwa jana au juzi. Kama wameichemsha leo asubuhi na kuikaanga kwa kitunguu kingi ili kuficha uchungu, 450 ni wizi, na ulimi wa Mama Akinyi utajua kabla hajameza.

Mrenda ni kinyume chake. Haungoji. Unapikwa upesi, unaliwa moto, na ukipashwa mara ya pili huwa maji ya kijani yasiyo na mvuto. Mrenda wa hoteli unamkera kwa sababu hupikwa saa nne asubuhi, halafu mtu wa jikoni akautia nyanya na mafuta kana kwamba ni sukuma. Ulizeni kama wanautia magadi au munyu. Hapo Magharibi kuna chumvi inayotengenezwa kwa matete ya Mto Nzoia: matete huchomwa, majivu yakachujwa kwa maji, na maji yale yakachemshwa hadi chumvi ikabaki. Slow Food, harakati iliyoanzia Italia katika miaka ya 1980 kupigania vyakula vya mahali, imeiweka chumvi hiyo kwenye orodha yake ya vyakula vya kulindwa, pamoja na malenge ya Lare kule Nakuru. Mkahawa ukiwa na chumvi hiyo na ukajua kuitumia, nitakuwa wa kwanza kuacha kuwashuku.

Nyanya ni kitu kidogo kinachosema mengi. Wakati wa mvua na ubaridi, ugonjwa wa baka jani huzishambulia mashambani, na mkulima anayetaka kuvuna hana budi kupuliza dawa mara kwa mara. Jiko linalozamisha kila kitu kwenye nyanya wakati huo halijasoma msimu. Kuna mchuzi wa njugu, kuna simsim, kuna maziwa ya mgando. Samaki mkavu aliyepikwa kwa njugu hahitaji nyanya hata moja.

Sasa niseme kuhusu jambo ambalo matangazo ya mikahawa hii hulikoroga: umbali. Utasoma "vyote vimetoka ndani ya kilomita hamsini" na utahisi umeokoa dunia. Utafiti mkubwa wa Poore na Nemecek, uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Science kwa kukusanya takwimu za mashamba karibu 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba usafiri huchukua sehemu ndogo ya hewa chafu inayotokana na chakula, chini ya asilimia 10. Kinachobeba uzito ni aina ya chakula chenyewe, na nyama ya ng'ombe iko juu ya orodha. Kwa hiyo nyama choma kilo mbili ya ng'ombe wa hapa Nyando si chakula cha kijani kwa sababu tu hakupanda lori. Hata mchele wa Ahero, ambao naupenda na ningependa kila mtu mjini aule, unatoka kwenye majaruba yaliyofurika maji, na majaruba hutoa methani popote yalipo. Sababu ya kununua karibu ni nyingine: mpishi anamjua mkulima, pesa inabaki hapa, na mboga inafika haijanyauka. Hizo ni sababu za kutosha, hazihitaji kuongezewa chumvi.

Mirija ya karatasi, taa za sola mlangoni, viti vya mbao za mashua kuukuu: vizuri, lakini msilipie hivyo. Na mkahawa unaojisifu kwamba hautoi mifuko ya plastiki unajisifu kwa kutii sheria iliyoanza kutumika Agosti 28, 2017. Afadhali kuuliza wanapikia nini. Jiko linalokaanga samaki kutwa kwa makaa ya miti, hata likiwa na bustani ya maua kwenye paa, lina deni kubwa kuliko kibanda chenye gesi.

Mabaki ndiyo kitu cha maana kuliko hivyo vyote. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na tani kama milioni 290 za hizo zilitoka kwenye mikahawa, hoteli na mahali pengine panapouzwa chakula kilichopikwa. Mkahawa makini utakuambia mabaki yake yanakwenda kwa nani: mfugaji wa nguruwe, mtu wa mboji, au wale wanaofuga funza wa nzi weusi kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, kazi ambayo imeshika kasi siku hizi. Weita akisema "kaunti huja kuchukua", mmepata jibu.

Hapo ndipo menyu fupi inapokuwa na maana zaidi ya mtindo. Mpishi Alice Waters alipofungua mkahawa wake, Chez Panisse, kule Berkeley, California, mwaka 1971, mgeni alikuta mlo mmoja uliopangwa kwa siku hiyo, na kesho ulibadilika. Mpishi anayejua watu arobaini watakula kitu kilekile hununua cha watu arobaini. Anayeahidi vyakula sitini lazima aweke akiba ya sitini, na akiba hiyo nusu yake huoza au hugandishwa. Mama wa kibanda anayeandika vyakula vitatu mlangoni anafuata hesabu hiyohiyo, ingawa msimpambe kupita kiasi: ngege wadogo wasiofika kipimo, wengi huuzwa vibandani, na vibanda vingi hupikia mkaa.

Kwa hiyo, je, uende? Nenda, lakini kwa chakula cha mchana. Samaki wa nyavu hufika asubuhi, na ukienda saa mbili usiku utapewa walichobakisha wateja wa saa saba. Anzeni na supu ya kichwa cha mbuta, moja kwa watu wawili. Kama ngege wa siku hiyo ni wa ukubwa unaofaa, chukueni mmoja wa kugawana, wa kuchoma au wa mchuzi wa njugu. Akiwa mdogo, mwacheni, mchukue kambare au kamongo ikiwa Mama Akinyi hana mwiko naye. (Mume wangu hamgusi kamongo, kwa hiyo sitawalazimisha.) Ugali uwe wa mtama. Mboga mbili: saga ya maziwa, na mrenda. Kuku wa kienyeji mngoje siku nyingine. Kuku wa kweli wa kienyeji hukua kwa miezi mitano au sita, na mkahawa unaowauza kila siku kwa wingi unauza kuku chotara, ambaye hana kosa lolote isipokuwa jina. Kitindamlo, avokado yenye asali au ndizi za Kisii. Keki ya stroberi waachieni walioileta.

Pigeni simu Alhamisi. Semeni mtakuwa wawili, mnataka kichwa cha mbuta, na mrenda uanze kupikwa mkishaketi. Jiko linalonunua kidogo kidogo haliwezi kubahatisha, na litashukuru kwa taarifa. Wakikuambia kwamba kichwa hawana hakika nacho mpaka waone mzigo wa Ijumaa, na kwamba watakupigia jioni, weka meza. Wakikuahidi kila kitu papo hapo bila hata kuuliza mnakuja siku gani, bado una muda wa kutafuta kwingine.